Makali ya Kisu cha Shilingi 3,000

Shangazi yangu amepaa na kutumbua samaki kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa muda wote huo amekuwa na namna moja tu ya kukihukumu kisu: ama kinashika, ama hakishiki. Mwezi uliopita nilimnunulia kisu kipya katika soko la Mwanga, hapa Kigoma, kwa shilingi 3,000. Kilikuwa na mpini mweusi wa plastiki, bapa jembamba linalong'aa kama kioo, na maandishi ya rangi ubavuni yanayoahidi mengi. Alikitumia kwa beseni moja la migebuka, kisha akanirudishia, mpini ukiwa umeelekezwa kwangu kama adabu inavyotaka, akasema: "Mwanangu, hiki ni kijiko kilichonyooshwa."

Mimi ni mkerezaji wa vyuma. Kutwa nzima ninashinda na mashine ya kukerezea, nikichonga bushi na shafti za injini za boti, na kazi yangu yote inategemea ncha ndogo ya chuma ambayo ikipoteza makali, kipande kizima kinaharibika. Kwa hiyo neno la shangazi liliniuma mara mbili: zawadi yangu ilikuwa imekataliwa, na juu ya hayo lilikuwa limetolewa dai la kiufundi ambalo ningeweza kulipima. Nilikirudisha kisu kile karakana, nikanunua kingine cha aina ile ile kwa bei ile ile, na kwa majuma matatu nikawa ninavichunguza viwili hivyo kila nilipopata nafasi kati ya kazi moja na nyingine.

Nilianza na kijiko. Karakana haikosi spika ya redio iliyokufa, na nyuma ya kila spika kuna sumaku nzuri. Vijiko na sufuria nyingi zinazong'aa hutengenezwa kwa chuma chenye kromiamu ya asilimia 18 na nikeli ya asilimia 8, na mchanganyiko huo una tabia mbili ambazo kwa kawaida huenda pamoja: sumaku haiukamati, na moto hauwezi kuukaza. Unaweza kuutia kwenye makaa mpaka uwe mwekundu, ukauzamisha kwenye maji baridi, nao utatoka laini kama ulivyoingia. Kisu kilichotengenezwa kwa chuma cha namna hiyo ni kijiko kweli, hata kikiwa na umbo la jambia. Niliweka sumaku kwenye bapa la kisu cha shangazi, ikang'ang'ania kwa nguvu. Niliijaribu kwenye kile cha pili, nacho vilevile. Basi shangazi alikuwa amekosea kuhusu kijiko, ingawa sikuwa na haraka ya kumwambia, kwa sababu sumaku inakwambia tu kwamba chuma chako huenda kinaweza kukazwa kwa moto. Haikwambii kama kilikazwa, wala kilikazwa kiasi gani.

Kuhusu chuma chenyewe inafaa kueleza kidogo, maana hapa ndipo wauzaji wanapotuchanganya. Chuma cha kisu ni chuma cha kawaida kilichotiwa kaboni, na kaboni hiyo ndiyo inayokiwezesha kukazwa. Ikiwa chini ya asilimia 0.3 hivi, huwezi kupata ugumu wa maana, ikifika 0.5 unapata kisu cha jikoni cha kuaminika. Ikikaribia asilimia 1 unaingia kwenye visu vinavyokaa na makali kwa muda mrefu lakini vinavyohitaji kutunzwa kama mtoto mchanga. Kromiamu ni habari nyingine kabisa. Ikizidi asilimia 10.5, chuma hujifunika ngozi nyembamba isiyoonekana inayozuia kutu, na ndipo tunakiita chuma kisichoshika kutu, au stenlesi kama tunavyosema karakana. Maandishi yanayong'aa ubavuni mwa kisu cha bei nafuu mara nyingi hutaja hilo la kutu pekee. Yanakwambia kuhusu kromiamu na kunyamaza kuhusu kaboni, yaani yanasifia kile ambacho hakihusiani na makali.

Mkanganyiko huo ni wa tangu siku ya kwanza. Mwaka 1913 Harry Brearley, mtafiti wa vyuma katika mji wa Sheffield, Uingereza, alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika haraka. Mwezi wa Agosti mwaka huo aliyeyusha mchanganyiko wenye kromiamu ya asilimia 12.8 na kaboni ya asilimia 0.24, akaona kwamba asidi haziugusi kwa urahisi, akawaza visu vya mezani. (Mwaka huo huo, kule Papenburg nchini Ujerumani, ilikuwa ikijengwa meli ambayo sisi leo tunaiita Liemba, ambayo baadaye ililetwa Kigoma vipande vipande na kuunganishwa hapa, hiyo ni ya chuma cha kawaida, na isipopakwa rangi inakumbuka haraka kwamba ni chuma.) Mafundi wa visu wa Sheffield walipokijaribu chuma cha Brearley walitatizika kukikaza kwa njia walizozizoea, na yeye mwenyewe akawa anadhihakiwa kuwa ndiye mtu aliyevumbua visu visivyokata. Tazama tena ile kaboni ya asilimia 0.24, kisha tazama vyuma vya visu vingi vya bei nafuu vinavyotoka viwandani leo, ambavyo vina kaboni ya kama asilimia 0.3 na kromiamu ya asilimia 13, na utaona kwamba katika miaka mia moja na ushei kisu cha bei ya chini kimesogea hatua chache tu.

Wakati mwingine, ukikigeuza kisu kwenye mwanga, utakuta herufi na tarakimu ndogo karibu na mpini. Zikisomeka 3Cr13, hicho ndicho chuma cha kaboni ya asilimia 0.3 nilichokitaja. Zikisomeka 5Cr15MoV, kaboni imepanda hadi karibu asilimia 0.5, na tofauti hiyo inahisika mkononi baada ya siku chache. Wajerumani wana ndugu yake wanayemwita X50CrMoV15, ambaye ndiye chuma cha visu vingi vya jikoni vinavyosifika Ulaya. Vya shangazi havikuwa na tarakimu yoyote. Vilikuwa na picha ya nyota tatu.

Kwa kuwa kisu hakikutaka kusema kwa maandishi, nililazimika kukiuliza kwa tupa. Viwandani ugumu wa chuma hupimwa kwa mashine inayokandamiza ncha ya almasi kwa nguvu inayojulikana na kusoma imezama kiasi gani, na jibu hutolewa kwa kipimo cha Rockwell. Kisu laini cha jikoni huwa kati ya 52 na 54, Victorinox za Uswisi huwa karibu na 56, na visu vya Kijapani vya kukatia samaki wabichi huvuka 60. Sina mashine hiyo. Nina tupa ya zamani, na tupa nzuri huwa juu ya 60. Ukiburuza kona ya tupa polepole kwenye chuma kigumu inateleza kwa mlio mwembamba, kama ukucha kwenye sahani ya kaure. Ukiiburuza kwenye chuma laini inauma, unahisi meno yakishika, na vumbi la chuma linabaki. Nilifanya hivyo karibu kabisa na makali, upande wa mpini, mahali ambapo shangazi hapatumii. Tupa iliuma. Haikuuma kama inavyouma kwenye msumari, ambao unalika kama muhogo, lakini iliuma. Kwa makadirio ya mkono wangu, kisu kilikuwa kimekazwa, ila kilikazwa kwa mkono wa birika.

Hapo ningeweza kuishia na kuandika kwamba kisu cha shilingi 3,000 ni cha shilingi 3,000. Kilichonizuia ni jambo nililoliona siku ile ile nilipowasha taa ya mashine na kuyatazama makali kwa mbele, ncha ikinielekea. Makali mazuri hayaonekani. Mstari wao ni mwembamba mno kurudisha mwanga. Makali yaliyokufa huonekana kama uzi mweupe. Kwenye kisu cha shangazi uzi ule haukuwa sawa kote: mahali pengine ulikuwa mpana na uliolala upande mmoja, kama ukingo wa karatasi uliokunjwa kwa kidole, mahali pengine ulikuwa na mikwaruzo na vijino. Kumbe makali yanaweza kufa kwa vifo tofauti, na kila kifo kina mkosaji wake.

Kujikunja ni kifo cha chuma laini. Makali yakigonga mfupa yanalala, kisu kinaonekana butu, lakini chuma bado kipo. Ukikipitisha taratibu kwenye kinoo kilicholowa, au hata kwenye kisigino cha sahani ya kaure kisichokuwa na rangi, yanasimama tena. Kumeguka ni kifo cha chuma kigumu kupita kiasi, na visu vyetu vya bei nafuu havipatwi nacho sana. Kulika ndicho kifo cha tatu, na hapa ndipo kaboni inarudi kwa mlango wa nyuma. Fikiria zege. Saruji peke yake inakwanguka, lakini kokoto zilizomo ndani ndizo zinazokinza miguu na magurudumu. Ndani ya chuma cha kisu, kaboni inayozidi ile inayohitajika kwa kukaza huungana na kromiamu na kufanya chembe ngumu sana, ngumu kuliko chuma kinachozishikilia, na chembe hizo ndizo kokoto. Chuma chenye kaboni ya asilimia 0.3 ni zege iliyonyimwa kokoto: inaweza kumwagwa vizuri, inaweza kung'arishwa ikapendeza, lakini ukiisugua na kitu kikali inaisha.

Na kitu kikali kwa shangazi hakikosekani. Niliamka alfajiri nikaenda naye Kibirizi kumtazama akifanya kazi, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kununua kisu. Migebuka waliteremshwa kutoka kwenye mitumbwi, wakamwagwa, wakasombwa, na kufikia wakati wanamfikia yeye kila samaki alikuwa amebeba mchanga kwenye mashavu na chini ya mapezi. Mchanga wa ufukweni sehemu kubwa ni chembe za jiwe ambalo ni gumu kuliko kisu cha aina yoyote kinachouzwa sokoni Mwanga, kile cha nyota tatu na kile cha bei mara kumi. Huwezi kununua chuma cha jikoni kinachoushinda mchanga. Viwanda vya Ulaya vinapopima udumivu wa makali hufanya jambo lile lile kwa makusudi: kipimo cha kimataifa, ISO 8442-5, hukatisha kisu mara kwa mara kwenye karatasi maalumu zilizochanganywa na asilimia 5 ya mchanga huo, kisha huhesabu kina kilichokatwa. Wao wanaweka asilimia 5. Shangazi yangu ana ufukwe mzima.

Kisha nikaona ubao wake. Sikuuona, maana hakukuwa na ubao: alikuwa akikatia juu ya jiwe bapa lililolainishwa na miaka, na kila kisu kilipomaliza kupita kwenye nyama ya samaki kilitua juu ya jiwe kwa mlio mdogo ambao mimi, niliyeshinda na vyuma, niliusikia kwenye meno.

"Shangazi, jiwe hili linakula kisu," nilimwambia.

"Jiwe hili nimelikuta kwa mama mkwe," alijibu bila kuinua macho. "Visu vya zamani havikulilalamikia."

Ana hoja, na sikutaka kumpuuza, kwa hiyo jioni hiyo nilikwenda Ujiji kwa mzee mmoja mhunzi ninayemfahamu, ambaye visu vyake ndivyo shangazi anavyoviita vya zamani. Kiswahili kina maneno ya tangu enzi kwa chuma kigumu cha kufulia zana, pua na feleji, na mzee huyu ni katika watu wachache niliowasikia wakisema "hii ni feleji" kwa maana yake halisi, akiwa ameshika springi ya lori. Springi za magari zina kaboni ya karibu asilimia 0.6, maradufu ya kisu cha nyota tatu, na kromiamu kidogo isiyotosha kuzuia kutu. Lakini kaboni hiyo haina faida kwa mtu anayeikata springi kwa mashine na kuichonga umbo la kisu bila kuirudisha motoni, maana kiwanda kilikwisha kuilegeza ili iweze kupinda chini ya mzigo bila kuvunjika. Ugumu wa springi ni ugumu wa springi. Kisu kinahitaji zaidi.

Nilimkuta akimalizia kimoja. Alikuwa amekwisha kukifua kwenye fuawe, na sasa bapa lilikuwa kwenye makaa huku kijana akizungusha feni, naye ameinama akitazama rangi. Nilitoa sumaku yangu ya spika nikamweleza kwamba chuma kikifika nyuzi joto 770 hivi kinaacha kushikwa na sumaku, na kwamba kidogo tu juu ya hapo ndipo pa kukizamisha.

"Ijaribu," alisema.

Nilisubiri, nikaisogeza sumaku kwa koleo refu, bado ikavutwa. Nikasubiri tena. Chuma kilipofikia wekundu unaoelekea rangi ya mawese mabichi sumaku ilikigusa na kuteleza kana kwamba imegusa ubao. Nilipogeuka kumwambia, mkono wake ulikuwa umekwisha kushika koleo lake.

"Macho yangu yamejua kabla ya sumaku yako, kijana wangu," alisema, akakizamisha bapa lote ndani ya debe la oili chafu, moshi ukatufunika sote.

Hatua iliyofuata ndiyo wengi wanaoikimbia. Chuma kilichotoka hapo ni kigumu lakini kinavunjika kama kigae. Mzee alikisugua upande mmoja mpaka kikang'aa, akakirudisha juu ya makaa yaliyofifia, mgongo wa kisu ukiwa upande wa moto, na tukatazama rangi zikitembea kutoka mgongoni kuelekea makali: njano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Rangi hizo ni ngozi nyembamba inayofanyika juu ya chuma, na kila moja ina joto lake. Njano ni kama nyuzi 220, buluu inakaribia 300. Njano ilipoyafikia makali alikiondoa. Mgongo ulikuwa buluu, laini wa kuvumilia kugongwa; makali yalikuwa njano, magumu. Kwa tupa yangu, makali yale yalinikatalia kabisa.

Ningependa kusema kwamba hadithi inaishia kwa ushindi wa mhunzi wa Ujiji, lakini mapenzi yangu kwa kazi ya mikono yasiwapotoshe wasomaji. Nilipima kisu kile kwa venia, kifaa cha kupimia unene: mgongo wake ulikuwa na unene wa zaidi ya milimita 4, na hata karibu na makali kilikuwa bado kinene. Kile cha nyota tatu kilikuwa na milimita 1.2 mgongoni. Kwenye kichwa cha kuhe mkubwa, kisu cha mzee kilipita bila kutetereka wala kuacha alama kwenye makali. Kwenye nyanya kilisukuma zaidi ya kukata, na kwenye minofu ya mgebuka kiliacha nyama imechanika. Kwa kazi hiyo ya pili kile cha nyota tatu, kikiwa kimenolewa vizuri, kilikuwa bora zaidi, na kiliendelea kuwa bora hata kilipoanza kuchoka, kwa sababu bapa jembamba linapenya hata kama makali yake hayako katika hali nzuri. Visu vya Kiwi vya kutoka Thailand, ambavyo wapishi wengi duniani wanavipenda ingawa ni vya bei ya chini, siri yao ni hiyo: chuma chake ni laini, lakini bapa ni jembamba na kinoo kinakirudisha kwa dakika mbili. Mtu anaposema kisu kinashika makali, mara nyingi anamaanisha kwamba kinaendelea kukata, na hayo mawili hayafanani.

Sasa nirudi kwenye vile viwili. Cha kwanza, kile cha shangazi, nilikinoa mwenyewe kwenye kinoo cha maji, nikiinua mgongo wa kisu kiasi cha unene wa penseli na zaidi kidogo, kwa kuwa bapa lake lina upana wa sentimita 3, jambo linalonipa pembe ya karibu nyuzi 15 kila upande. Cha pili nilimpa mnoaji anayepita mitaani na baiskeli yenye cherehe, yule anayeegesha, anakanyaga pedali, na cheche zinaruka mpaka watoto wanakusanyika. Sina ugomvi na kazi yake, na kwa panga na jembe sina wa kumlinganisha naye. Lakini cherehe yake ni kavu na inakwenda kasi, na makali ya kisu ni mahali pembamba pasipo na pa kupelekea joto. Alinirudishia kisu kinachonyoa nywele za mkono, nami nikaona karibu na ncha kivuli cha buluu. Kumbuka rangi za mzee wa Ujiji: buluu kwenye springi ni nyuzi 300. Kwenye chuma chenye kromiamu nyingi rangi hizo huchelewa kutokea, kwa hiyo buluu hiyo inamaanisha joto kubwa zaidi, na ugumu wote ambao kiwanda kilikuwa kimeutia mahali pale ulikuwa umeondoka pamoja na cheche.

Nilivipeleka vyote viwili kwa shangazi bila kumwambia kipi ni kipi, na nikampelekea pia ubao wa mninga niliomwomba fundi seremala anichongee. Alikubali ubao kwa shingo upande. Kisu cha cherehe kilikata kwa fahari mpaka kama samaki wa kumi, kisha kikaanza kuteleza kwenye ngozi. Kile cha kinoo kilimaliza beseni, ingawa mwishoni kilikuwa kimechoka. Ni jaribio la samaki wa asubuhi moja, si la maabara, lakini nililirudia asubuhi tatu na mpangilio haukubadilika.

Lililonishangaza zaidi lilikuja baadaye. Kadiri nilivyoendelea kukinoa kile cha kwanza, juma baada ya juma, kilizidi kushika. Mara ya kwanza kilihitaji kinoo baada ya beseni moja. Kufikia mara ya nne kilikuwa kinakwenda siku nzima kwa kurekebishwa kidogo tu. Maelezo ninayoyaona kuwa sahihi ni kwamba hata makali yanayotoka kiwandani huchongwa kwa mashine za kasi, haraka, kisu baada ya kisu, na ile sehemu ya mwisho kabisa huwa imeungua kama ilivyoungua kwa cherehe ya baiskeli. Chini ya sehemu hiyo iliyoungua kuna chuma kilichokazwa vizuri zaidi, na ni mpaka uinoe ile ya juu iondoke ndipo unapokutana nacho. Kwa hiyo kisu alichokihukumu shangazi siku ya kwanza hakikuwa bado kisu kile kilichomo ndani yake.

Kuna swali ambalo kijana mmoja wa karakana aliniuliza, nalo ni la haki: samaki ni laini, wembe ni chuma, na ndevu ni laini zaidi, iweje laini limalize gumu hata pasipo mchanga? Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha uchunguzi wa swali hilo hilo kwa kunyoa nywele chini ya hadubini. Nywele ni laini kuliko chuma cha wembe kama mara 50, lakini waliona kwamba unywele ukiugonga ukingo kwa pembe fulani, mahali ambapo chuma chenyewe hakiko sawa ndani yake, kipande kidogo humeguka. Wembe wowote uliotengenezwa harakaharaka una mahali pengi pa namna hiyo, na kisu cha nyota tatu nacho kina vyake. Usawa wa chuma ndani unalipiwa, na katika shilingi 3,000 haumo.

Nikienda tena sokoni nitakwenda na sumaku mfukoni, na nitavipita visu vinene vinavyojifanya vya kazi nzito, kwa kuwa unene pasipo kaboni ni uzito tu. Nitachagua chembamba kisicho na meno ya msumeno, ambacho bapa lake halina mawimbi nikikitazama kwa urefu, na ambacho mpini wake haupo katikati ya kuachana na chuma. Nikikuta tarakimu zinazoanza na 5 badala ya 3, nitalipa zaidi bila kubishana. Ila hela nyingine itakwenda kwenye kinoo. Nilichonunua cha pande mbili, upande wa chenga kubwa na upande laini, kilinigharimu mara tatu ya bei ya kisu, na sijutii hata senti moja.

Shangazi sasa anatumia vitatu. Kile cha mzee wa Ujiji ni cha vichwa na uti wa mgongo, nacho hukifuta na kukipaka mawese kidogo kila jioni ili kisishike kutu. Kile cha nyota tatu ni cha minofu, na amekificha ndani ya kitambaa pamoja na kinoo, kwa sababu wenzake wa Kibirizi wameanza kukiazima. Kile cha cherehe anakwangulia masizi ya sufuria. Jiwe la mama mkwe bado lipo pale pale. Anapaa samaki juu ya ubao, kisha anauegemeza ubao kwenye jiwe ukauke.